Fimbo ya Baba Mlangoni

Kitongoji cha Miyombo, Rungwa
16 Juni 2024

Kaka yangu Gerald,

Shikamoo. Nakuamkia pia kwa niaba ya mpwa wako Rebeka, yuko shuleni Manyoni na ameniandikia kwamba kidato cha tatu kina hesabu nyingi kuliko usingizi. Mimi mwili ni mzima. Mahindi yamebeba kidogo kwa sababu mvua ilikata mapema, ila nyuki mwaka huu wamefanya kazi. Wifi Theodora goti lake linaendeleaje? Mwambie nimempakia nta kidogo ya kuchua, iko kwenye kopo alilonalo Amosi, huyu dereva wa basi anayekuletea barua. Alikuwa rafiki wa marehemu Clement, unaweza kumwamini.

Utashangaa kupata karatasi badala ya kupigiwa simu. Simu ya Clement ilichukuliwa na mdogo wake, Antipasi, siku ya tatu ya msiba. Alisema ni mali ya kaka yake. Nikamwambia kaka yake alikuwa mume wangu, akacheka na kuitia mfukoni. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu, na wewe ndiye uliyenifundisha kuishika.

Kaka, jambo lenyewe ni hili. Tangu tumzike Clement mwezi wa kwanza, ukoo wake umekaa mara mbili. Kikao cha pili wameamua kwamba msimu wa kurina asali ukiisha, nitakabidhiwa kwa Antipasi. Hawakuniuliza. Nilikuwa jikoni nawapikia, nikasikia jina langu likitajwa katikati ya mizinga ya porini na mbuzi. Antipasi ana mke na watoto saba. Tena ameshaanza kuingia nyumbani kwangu bila hodi, anafunua sufuria, anauliza nani alikuwa amekaa kwenye kiti hiki.

Sitaki, kaka. Nina mizinga sita ya masanduku niliyopata kwenye kikundi chetu cha akina mama, nina shamba, nina mikono. Ila naogopa kusema sitaki wakati sina pa kwenda. Baba, kabla hajafa, aliniachia kile chumba cha uani pale Mandewa, na wewe ulikuwepo alipotamka. Naomba unifungulie. Niandikie tu kwamba kiko wazi, hayo mengine nitayamudu mwenyewe.

Mdogo wako,
Emiliana


Mandewa, Singida
21 Julai 2024

Mdogo wangu Emiliana,

Marahaba, marahaba sana. Salamu zako zimefika na nta imefika, Theodora anajichua asubuhi na jioni na sasa anakwenda kanisani kwa miguu. Nisamehe kuchelewa kujibu. Kuku wangu waliingiliwa na kideri, wamekufa kumi na wanane, na wewe unajua mstaafu asiyekuwa na kuku anabaki na redio tu. Alizeti nayo imeshuka bei mpaka watu wanaiacha magunia yamejaa uani.

Nina habari moja ya furaha. Shule ya sekondari ya hapa karibu imenialika niwe msemaji mkuu kwenye sherehe yao ya tarehe tisa Desemba. Mada waliyonipa ni "Uhuru Ulitupa Nini". Miaka thelathini na minne nimefundisha uraia, na hatimaye wananiita nizungumze nje ya darasa. Nitasimama na fimbo ya baba mkononi, ile ile aliyotembea nayo kutoka Ikungi mwaka sitini na moja kwenda kuona bendera ikipandishwa. Nitawaambia vijana namna mzee Mughwai alivyoigonga chini na kusema kuanzia leo hakuna atakayeniita boi. Kama unakumbuka zaidi ya hapo, niandikie. Wewe ulikaa na wazazi miaka yao ya mwisho.

Kuhusu lile jambo lako, nimelisoma na limenigusa. Ushauri wangu kama mkubwa wako ni utulivu. Ukoo ni ukoo, na mwanamke aliyeolewa anasikiliza kwanza wenye nyumba. Nasikia huyo Antipasi ni mtu mstaarabu na mchapakazi. Usiharakishe kusema hapana kwa jambo ambalo hujaliona likoje. Asali ya huko mwaka huu ni nzuri kweli, nyeupe na nzito, Mungu amewabariki.

Msalimie Rebeka. Mwambie mjomba anataka daraja la kwanza.

Kaka yako,
Gerald Mughwai


Miyombo, Rungwa
4 Agosti 2024

Kaka Gerald,

Shikamoo. Poleni kwa kuku. Rebeka amekuja likizo, ameongeza mwili, anakusalimu na anasema hilo daraja la kwanza atalileta. Huku upepo wa kiangazi umeanza, vumbi limeingia mpaka kwenye unga.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta chumba. Kuku nimewaona, alizeti nimeiona, bendera nimeiona. Chumba hakimo. Sasa naandika kwa kifupi ili kisipotee tena: kile chumba cha uani kiko wazi au hakiko wazi?

La pili. Umesema asali ya huku mwaka huu ni nyeupe na nzito. Ni kweli. Lakini asali ya mwaka huu ilikuwa haijatoka Rungwa hata kopo moja ulipoandika, ilikuwa bado inachujwa, isipokuwa dumu moja alilosafiri nalo Antipasi mwanzoni mwa Julai, akatuaga anakwenda Itigi kutafuta spea ya baiskeli. Amekaa siku nne kutafuta spea. Umeonjeshwa na nani?

Mimi sikulaumu bado. Nauliza tu, na kuuliza umenifundisha mwenyewe. Jana Antipasi ameingia nikiwa naoga uani. Nilipopiga kelele akasema anakagua uzio.

Kikao cha mwisho kimepangwa Oktoba mwanzoni. Nijibu kabla ya hapo.

Emiliana


Mandewa, Singida
15 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Tunashukuru Mungu, wote tunapumua. Nilikuwa naumwa mgongo, nimelala wiki mbili, daktari ameniambia nisisafiri na basi kwenye barabara mbaya. Ndiyo sababu ya kuchelewa.

Asali niliionja sokoni. Watu wanauza asali ya kila mahali, na mimi si mtaalamu.

Chumba cha uani paa lake linavuja. Nimekusudia kulitengeneza mambo yakikaa sawa. Kwa sasa si mahali pa kumweka mama mtu mzima na binti yake, ningekuwa nakudhalilisha. Tafadhali usinifikirie vibaya.

Sasa nisikilize kama kaka. Wewe una miaka arobaini na mitano. Mtu akikutaka akulinde, akulimie, akuangalizie mizinga, hilo si jambo la kukasirikia. Nchi yetu imejengwa juu ya familia, na familia inajengwa kwa watu kukubali kupunguza matakwa yao. Hata uhuru una mipaka, ndivyo nilivyowafundisha wanafunzi wangu. Ukoo wa mume wako unakuheshimu, vinginevyo wangekufukuza.

Hotuba yangu imefika ukurasa wa tisa. Nimeamua fimbo si lazima, maneno yanatosha. Lakini bado nasubiri kumbukumbu zako za baba.

Gerald

(Kikaratasi kilichokunjwa ndani ya bahasha hiyo hiyo:)

Wifi yangu, mimi ndiye ninayefunga bahasha, yeye hajui. Paa halivuji. Chumba kina mpangaji tangu mwezi wa tatu. Antipasi alikuja hapa Julai na dumu la asali, wakakaa sebuleni mchana kutwa, na alipoondoka aliondoka na fimbo ya baba mkwe. Sikuambiwa ya nini, ila niliona Gerald hakumtazama usoni akimpa. Nisamehe. Theodora.


Miyombo, Rungwa
13 Oktoba 2024

Gerald,

Barua hii haianzi na shikamoo. Nimeitafuta tangu asubuhi, haiji. Sisi ni wazima, wifi namshukuru kwa yote, salamu zimekwisha hapo.

Kikao kilikaa Jumamosi ya tarehe tano. Jumapili asubuhi nilifungua mlango niende kanisani, nikakuta fimbo imelazwa juu ya kizingiti. Sikuhitaji kuinama. Mpingo, kichwa kimepasuka, na ule waya wa shaba baba aliouzungusha mwenyewe ili mpasuko usiendelee. Upande wa pili wa uwanja Antipasi alikuwa amekaa kwenye kigoda na wazee watatu, wamevaa vizuri, wananisubiri.

Usiniambie hukujua. Mwaka 2005, siku ya harusi yangu, baba alikuwa mgonjwa, ukaja wewe badala yake. Fimbo hii hii uliilaza wewe kwa mkono wako kwenye mlango wa Clement. Mzee wao akatueleza mbele ya watu, kwa mila ya ukoo wao, fimbo ya kaka ikilala mlangoni na mwanamke akaivuka, amekabidhiwa. Nikaivuka nikicheka, kwa sababu Clement nilimpenda. Wakapiga vigelegele na wewe ulilia. Kwa hiyo ulipompa Antipasi fimbo ulijua inakwenda kulala wapi. Ulinitoa bila kufungua mdomo. Hata kuandika hukuandika, ulituma mti uje useme.

Nilisimama ndani ya mlango wangu na Biblia mkononi. Nikahesabu: nikivuka niende kanisani, nimeolewa. Nikivuka niende kisimani, nimeolewa. Choo chenyewe kiko nje. Walikuwa wamenikalia kwa subira kabisa, wanajua mtu haishi ndani. Nami nilikuwa na hasira hata nikasikia meno yanauma.

Nikarudi chumbani nikachukua sururu ya Clement, nikaanza kubomoa ukuta wa nyuma, chini ya dirisha. Matofali ni ya udongo, yamekauka miaka kumi na tano, hayakunionea huruma. Rebeka amesharudi shule, nilikuwa peke yangu. Nilibomoa tangu saa mbili mpaka saa sita. Watu waliotoka kanisani walikuja moja kwa moja kwangu bila kupitia kwao. Antipasi aliposikia vishindo alizunguka nyuma mbio, akanikuta nimetoa kichwa na bega.

"Unabomoa nyumba ya kaka yangu," alisema.

"Natoka," nilimwambia.

Nikatoka. Nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, gauni la kanisani limechanika, lakini nimesimama uani kwangu na fimbo sijaivuka. Akina mama wa kikundi walicheka, kisha walipoona uso wangu wakaanza kunipangusa vumbi. Kesho yake mwenyekiti wa kitongoji aliniita ofisini. Nilidhani ameniita kunisaidia. Alisema mambo ya ukoo yamalizwe ndani ya ukoo, akaniomba niwe muungwana. Ofisini kwake kuna bendera na picha za viongozi wote tangu uhuru, nimezifuta vumbi mwenyewe tulipofanya usafi. Zote zinatazama mlango, na mimi nimeonyeshwa huo huo mlango.

Ulitaka kumbukumbu za siku ya bendera. Shika hii, mama alinipa mwaka aliokufa. Alikuwa mke mgeni kwa baba, na alitaka kwenda Singida kuona bendera. Alishafunga kanga mpya. Baba akamwambia, "Nani atakamua ng'ombe?" Akabaki. Watu waliporudi wakiimba, akauliza bendera ina rangi gani, baba akamjibu amechoka, atamwambia kesho. Mama aliiona kwa mara ya kwanza miaka miwili baadaye, imechorwa kwenye daftari la mtoto wa jirani. Kasimulie hilo kwenye ukurasa wa kumi.

Emiliana


Mandewa, Singida
3 Novemba 2024

Emiliana,

Nimepokea matusi yako. Theodora mzima, mimi mgonjwa, na ugonjwa wangu umeuongeza wewe.

Katika maisha yangu hakuna mdogo wangu aliyewahi kuniandikia bila shikamoo. Nilikubeba mgongoni kwenda zahanati ulipougua surua. Nilikulipia shule mpaka darasa la saba wakati mshahara wangu haukutosha sukari. Leo nina nywele nyeupe unaniita Gerald kama mwenzako wa kisimani.

Ndiyo, nilimpa fimbo. Alikuja kwa heshima, akaniambia ukoo wao unataka ishara kwamba familia yetu bado iko pamoja nao katika msiba. Mgongo hauniruhusu kusafiri. Kwetu sisi mzee asiyeweza kwenda kuzika anatuma fimbo yake, wewe unajua hivyo. Nilituma rambirambi, nikitegemea fimbo itarudi kabla ya Desemba. Wao wakiitumia vinginevyo, mimi nifanyeje nikiwa Mandewa?

Na huo ukuta ni aibu. Habari imefika mpaka hapa. Mtu ananiuliza sokoni eti dada yako ni yule anayetokea tunduni. Mimi natakiwa kusimama mbele ya wanafunzi mia nne mwezi ujao. Mwalimu mkuu amenikumbusha nije na fimbo, ameshaitangaza. Hebu fikiria mahali niliponiweka.

Nakuomba tumalize. Ivuke tu. Ni kipande cha mti. Ukishavuka, moyoni mwako baki unavyotaka, hakuna atakayekuona. Kisha mwambie Antipasi aipakie kwenye basi la Amosi inifikie kabla ya tarehe tisa.

Kaka yako, ukitaka usitake,
Gerald Mughwai


Miyombo, Rungwa
17 Novemba 2024

Gerald,

Salamu kwa wifi. Goti nalo nalisalimu. Wewe mgongo wako nauombea, ili upone ukose kisingizio.

Umeandika "mahali niliponiweka". Nadhani ulitaka kuandika "uliponiweka". Mkono wako umekataa kusema uongo, nimeuheshimu kuliko sehemu nyingine zote za barua.

Kama ni kipande cha mti, kwa nini wanakihitaji wanafunzi mia nne? Ukiwa jukwaani ni historia ya taifa, ikiwa mlangoni kwangu ni kuni. Chagua moja. Na kama ni rambirambi, Clement alikufa Januari. Rambirambi gani inasubiri mpaka Julai ije kuchukuliwa na mtu mwenye dumu la asali?

Umeniambia nivuke na moyoni nibaki ninavyotaka. Ulikuwa ukifundisha hivyo? Kwamba tungenyamaza tu, tukawaitikia wazungu ndiyo bwana, na moyoni tukawa huru, bendera ingekuwa ya nini? Mimi sihitaji uhuru wa moyoni, kaka. Moyoni niko sawa. Nauhitaji hapa kwenye kizingiti, mahali ninapokanyaga nikienda kuteka maji.

Nilikuwa nimekasirika kwa sababu ya Antipasi. Sasa sivyo. Antipasi anataka mizinga sita na mtu wa kumfulia, naelewa anachotaka na najua kumkatalia. Wewe ndiye ninayekukasirikia, kwa sababu wewe unajua. Unaijua katiba kwa namba za ibara. Uliandika ukweli wote kwenye madaftari yako ya uraia niliyokuwa nayasoma kwa kuibia, kisha ukapangisha chumba changu, ukaogopa nitarudi nikidai. Andika hilo neno basi. Barua tatu unalizunguka: mpangaji.

Fimbo haitakuja na basi. Wazee wa huku wamenieleza sawasawa: fimbo iliyolazwa haiondolewi na Antipasi wala na mimi. Anayeiondoa ni mwenye nayo, kwa mkono wake, mbele ya watu, akisema alikosea. Wazee wenyewe wamegawanyika. Wawili wanasema mwenye fimbo asipokuja mpaka mwaka mpya, mimi nihesabiwe nimevuka tu, kwa sababu nyumba ni moja na tundu si mlango.

Kwa hiyo nimelifanya mlango. Mbao nilizotaka kutengenezea masanduku mawili ya nyuki nimezipigilia, nimeweka bawaba na komeo la ndani. Antipasi alikuja wiki iliyopita, akasukuma, ukakataa. Ni mara ya kwanza tangu msiba kusikia sauti yake ikisema hodi. Sikumfungulia.

Una mwezi mmoja na nusu. Usipokuja nitajua nilikuwa na kaka kwenye barua tu.

Emiliana


Mandewa, Singida
11 Desemba 2024

Emiliana, mdogo wangu,

Mimi ndiye ninayekuamkia leo. Utaona ni mambo kinyume, lakini nimekaa na kalamu saa nzima na sikupata namna nyingine. Shikamoo.

Mpangaji. Haya, nimeliandika. Nilimpangisha Machi, Clement akiwa na miezi miwili kaburini. Nilijua utakuja. Antipasi alipofika na maneno yake nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba utapata pa kukaa ambapo si kwangu. Nilijua fimbo inakwenda kulala wapi. Nikajipa neno rambirambi, na nikaliamini mpaka barua yako ya mwisho.

Juzi nilikwenda kwenye sherehe mikono mitupu. Kurasa kumi na moja. Nilisoma mbili. Binti mmoja wa mstari wa mbele, umri wa Rebeka, akanyoosha kidole, mwalimu wake akamkataza, nikasema mwache. Akaniuliza, "Shikamoo mzee. Tuliambiwa utakuja na fimbo. Iko wapi?"

Nilikuwa na jibu, nimelitunga njiani: imevunjika. Nikafungua mdomo niliseme, badala yake nikawaambia iliko. Nikawaambia imelala kwenye mlango wa dada yangu, nimeilaza mimi, na amebomoa ukuta ili asiivuke. Nikawasimulia mama na ng'ombe. Mwalimu mkuu alikuwa ananitazama kama mtu aliyekunywa. Wavulana fulani walicheka, hasa kwenye ukuta. Wasichana hawakucheka. Sikupigiwa makofi, nikashuka, na chakula cha mchana nililetewa kwenye meza ya pembeni.

Niliporudi nilikaa na hasira, tena kubwa, na kwa mara ya kwanza mwaka huu haikuwa juu yako. Miaka thelathini na minne nilisahihisha swali hilo hilo, "Eleza maana ya uhuru", alama kumi. Niliwapa kumi watoto walioandika tarehe na majina. Hakuna hata mmoja niliyemuuliza kwao nani anakamua ng'ombe.

Mpangaji ametoka jana, nilimrudishia alichokuwa amelipia mbele, Theodora akamsaidia kubeba. Ufunguo wa chumba umo kwenye bahasha hii. Si wa kuazima, sina wa pili. Mimi nakuja na Amosi Jumamosi ya tarehe ishirini na moja, na mgongo wangu huu huu. Waite hao wazee, na Antipasi, na yeyote aliyekuona ukibomoa ukuta. Nitasema wanachotaka niseme, maana ni kweli.

Ukikubali.

Gerald


Miyombo, Rungwa
16 Desemba 2024

Kaka Gerald,

Shikamoo. Yako siipokei, irudishe ulikoitoa, wewe ni mkubwa wangu na mimi nina adabu hata nikiwa na hasira. Hasira bado ipo. Usije ukidhani barua moja imeizima. Rebeka ameletwa likizo na basi la jana, amepita kwenye mlango wa nyuma akasema mama, huu ni mrefu kuliko wa zamani.

Ufunguo umefika, nimeufunga kwenye kanga. Siji kukaa Mandewa. Nyuki wangu wako hapa, kaburi la Clement liko hapa, na kikundi kinanitegemea. Lakini kifunge chumba kikae tupu, usimweke mtu, hata kuku. Ninataka kiwepo. Mtu asiyekuwa na pa kwenda, hata akibaki, hajachagua.

Wazee wameambiwa. Wawili wamenuna, watakuja vilevile, wanapenda sana kuona mwalimu akiinama. Antipasi anasema utaogopa njiani, utashukia Itigi. Nimemwambia tutaona.

Ukifika utaikuta fimbo pale pale, ina vumbi la miezi miwili na kuku wametagia pembeni yake. Iinue, useme ulichosema utasema, kisha usiingie kwa mlango huo. Zunguka nyuma. Utaona mbao zina harufu ya nta, na komeo liko ndani. Bisha hodi, kaka, halafu usimame hapo ungoje. Maji nitakuwa nimechemsha. Ila karibu ni yangu kuitoa, na siku hiyo naweza kukawia.

Mdogo wako,
Emiliana Mughwai